Pesa za wakongwe: Sera inapobadilika, nani hunufaika na nani huachwa nje?

KILA serikali inapotangaza mabadiliko katika mpango wa kuwasaidia wazee, maskini na watu wenye ulemavu, tangazo lenyewe huwa tamu masikioni. Wanufaika wataongezwa, malipo yatafanywa kwa kasi, wizi utakomeshwa na teknolojia itarahisisha kila kitu. Linalochukua muda kujulikana ni jinsi mabadiliko hayo yanavyompata mzee aliyeketi kivulini mwa mwembe wake kijijini, asiye na simu wala mtoto wa kumsomea ujumbe.

Makala haya yanaeleza jinsi mpango wa Inua Jamii ulivyobadilika tangu ulipoanzishwa, na jinsi mwananchi wa kawaida anavyoweza kuyapima mabadiliko hayo bila kutegemea sifa za wanasiasa au lawama za wapinzani wao.

Tuanze na sheria, kwa kuwa wengi hudhani pesa hizi ni hisani. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya hifadhi ya jamii, na kuitaka serikali iwasaidie wale wasioweza kujikimu wao wenyewe pamoja na wanaowategemea. Kifungu cha 57 kinawahusu wazee moja kwa moja. Kinataka waishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na wapate matunzo na usaidizi wa kiasi kinachofaa kutoka kwa familia zao na kwa serikali. Katiba hiyo hiyo inamtambua mzee kuwa mtu aliyepita umri wa miaka 60.

Hapo tayari pana pengo la kwanza. Katiba yasema 60, lakini mpango wa malipo kwa wazee wote umewekewa umri wa miaka 70. Mtu wa miaka 63 aliyechoka kwa kazi ya kuchuma majani chai au kubeba magunia sokoni ni mzee mbele ya Katiba, ila si mzee mbele ya karani wa malipo.

Mpango ulikotoka

Malipo ya aina hii yalianza nchini mwaka 2004 kwa majaribio madogo yaliyolenga familia zilizolea mayatima, wakati ambapo ukimwi ulikuwa umewaacha watoto wengi mikononi mwa nyanya na babu zao. Majaribio ya kuwalipa wazee yalifuata katika mwaka wa fedha wa 2006/2007. Mwaka 2008 ukaja mpango wa kupambana na njaa katika Turkana, Marsabit, Mandera na Wajir, na mwaka 2011 malipo kwa watu wenye ulemavu mkubwa.

Katika miaka hiyo ya mwanzo, mzee alistahili kulipwa endapo alikuwa ametimiza miaka 65, anaishi katika umaskini uliokithiri, hapokei pensheni, na nyumba yake hainufaiki na mpango mwingine. Umaskini ulipimwa kwa maswali kuhusu mali na hali ya maisha, na majina yakapitishwa katika vikao vya kijiji. Fedha zilizotengwa zilikuwa chache, hivyo kila eneo lilipewa idadi yake. Palipokuwa na wazee 40 maskini na nafasi 15, waliobaki 25 hawakuwa na umaskini pungufu. Nafasi tu ndizo zilizokuwa zimekwisha.

Badiliko kubwa lilitangazwa Machi 2017, Waziri wa Fedha wa wakati huo, Bw Henry Rotich, aliposoma bajeti. Alisema kuanzia Januari 2018 kila Mkenya aliyefikisha umri wa miaka 70 na asiyepokea pensheni ya serikali angelipwa, awe maskini au la. Usajili uliofuata uliwaongeza wazee zaidi ya 500,000, na idadi ya wazee katika mpango ikapita 800,000.

Faida ya kubadili utaratibu

Wapo waliouliza kwa nini pesa za umma zipewe wazee wote, hata wenye mashamba makubwa na watoto walioajiriwa vizuri. Swali hilo ni la haki na linastahili jibu.

Katika kila mpango wa misaada hutokea makosa ya aina mbili. La kwanza ni kumlipa asiyestahili, la pili kumnyima anayestahili. Kosa la kwanza hugharimu hazina pesa na huonekana upesi, kwani jirani hulisema na gazeti likaliandika. Kosa la pili halina mtetezi. Mzee aliyenyimwa hurejea kwake kimya na jina lake haliandikwi popote. Kadiri masharti ya kupima umaskini yanavyokazwa ili kupunguza kosa la kwanza, ndivyo la pili linavyoongezeka.

Ugumu huu ni mkubwa zaidi katika nchi kama Kenya, ambako zaidi ya asilimia 80 ya wafanyakazi wako katika sekta isiyo rasmi. Hakuna hati ya mshahara ya kuangaliwa. Mapato hupanda wakati wa mavuno na kushuka wakati wa kiangazi. Mzee aliyekuwa na ng'ombe watano alipohojiwa anaweza kuwa hana hata mmoja baada ya ukame wa msimu mmoja. Umri ni kipimo butu, lakini angalau hakibadiliki kwa mvua wala hakihitaji mwenyekiti wa kijiji akupende.

Uingereza ililijifunza somo hili hivi majuzi. Julai 2024, serikali ya huko ilitangaza kwamba ruzuku ya kupasha nyumba joto wakati wa baridi, iliyokuwa ikilipwa karibu wastaafu wote, ingebaki kwa wale tu wanaopokea misaada ya wazee maskini. Wapokeaji wangepungua kutoka zaidi ya milioni 10 hadi takriban milioni 1.5. Tatizo ni kwamba maelfu kwa maelfu ya wazee waliostahili msaada huo wa maskini hawakuwahi kuuomba, ama kwa kutojua, kwa kuona aibu au kwa kushindwa na fomu. Kwa hivyo walipoteza ruzuku pamoja na wale waliojiweza. Kelele zilipozidi, serikali ilirudi nyuma Juni 2025 na kuwarejeshea wastaafu wenye mapato yasiyozidi pauni 35,000 kwa mwaka. Ikiwa nchi yenye rekodi za kodi za karibu kila mwananchi ilijikwaa, sisi tusio na rekodi hizo tuna kila sababu ya kwenda kwa tahadhari.

Mlango ulipofungwa

Hata hivyo, ahadi ya kuwalipa wote ilikuwa na dosari moja ambayo haikuzungumziwa sana. Wazee waliosajiliwa ni wale waliokuwa wamefikisha umri wakati wa usajili. Lakini watu hawaachi kuzeeka makarani wanapofunga vitabu. Kila mwaka kundi jipya lilifikisha miaka 70, ilhali usajili wa jumla wa kitaifa haukurudiwa hadi mwaka 2023, serikali ilipotangaza kuongeza watu 500,000 katika mipango yote ya Inua Jamii.

Tuseme kuna ajuza aliyezaliwa mwaka 1949. Alitimiza miaka 70 mwaka 2019 na kwa maneno ya sera alistahili kulipwa tangu siku hiyo. Kama alingoja hadi mwaka 2023 ndipo jina lake likaandikwa, alikosa miezi 48 ya malipo. Kwa Sh2,000 kila mwezi, hizo ni Sh96,000. Jirani yake aliyemzidi kwa miaka mitatu tu alizipokea. Hakuna sheria iliyomnyima ajuza huyo haki yake. Alinyimwa na kalenda ya usajili. Na kwa mtu wa umri huo, kungoja miaka minne si jambo dogo, kwani wengi hawafiki mwisho wa foleni.

Ndiyo maana mtu anayetathmini sera ya aina hii asiridhike na kusoma nani anastahili. Aulize pia: Mlango wa kuingilia hufunguliwa lini? Mpango ambao mtu anaweza kujisajili siku yoyote anapotimiza umri ni tofauti kabisa na ule unaosubiri tangazo kutoka Nairobi, hata kama maandishi ya sera zote mbili yanafanana neno kwa neno.

Thamani inayoyeyuka

Badiliko jingine halikutangazwa na yeyote, lakini limewagusa wanufaika wote. Malipo ya wazee yalipandishwa kutoka Sh1,500 hadi Sh2,000 kwa mwezi katika mwaka wa fedha wa 2011/2012, na yalikuwa bado pale pale zaidi ya miaka kumi baadaye.

Tangu mwaka 2012 mfumko wa bei nchini umekuwa kati ya asilimia 4 na 10 kila mwaka. Bei zikipanda kwa wastani wa asilimia 6 kwa mwaka, hujirudufu katika muda wa takriban miaka 12. Kwa hesabu hiyo, kufikia mwaka 2024 noti mbili za Sh1,000 zilikuwa zikinunua takriban kile ambacho noti moja ilinunua mwaka 2012. Kwa maneno mengine, malipo yamepunguzwa kwa nusu bila Bunge kupiga kura wala waziri kutia sahihi.

Ukizigawa Sh2,000 kwa siku 30, mzee anabakiwa na takriban Sh66 kwa siku. Kati ya hizo atoe unga, mafuta ya taa, sabuni na dawa. Na mara nyingi halili peke yake, kwa maana katika nyumba nyingi za mashambani pesa za nyanya ndizo zinazomnunulia mjukuu daftari.

Si kwamba haiwezekani kuongeza. Katika mpango wa kupambana na njaa kaskazini mwa nchi, kiwango kilipandishwa mara kadhaa hadi kikafika Sh2,700 kwa mwezi. Zanzibar, iliyoanza kulipa Pensheni Jamii kwa kila mzee wa miaka 70 Aprili 2016 kwa kiwango cha Sh20,000 za Tanzania, baadaye ilikipandisha hadi Sh50,000. Uganda nayo ilichukua njia tofauti. Ilipotaka kuueneza mpango wake nchi nzima, ilipandisha umri wa kuingia kutoka miaka 65 iliyotumiwa katika wilaya nyingi za mwanzo hadi miaka 80. Nchi zote tatu zilikabiliwa na hesabu ile ile ya mfuko mdogo na wazee wengi, na kila moja ikachagua ni nani atakayebeba mzigo: anayelipwa kidogo, au asiyelipwa kabisa.

Njia ya malipo nayo ni sera

Wengi huichukulia njia ya kulipa kuwa jambo la makarani na wahasibu. Kwa mzee, njia hiyo ndiyo sera yenyewe. Pesa zilizoidhinishwa na zisizomfikia ni sawa na pesa ambazo hazikuwahi kutengwa.

Malipo haya hutolewa kwa kawaida kila baada ya miezi miwili. Yamewahi kupitia kwa posta, kisha benki na mawakala wake, huku mzee akithibitishwa kwa alama za vidole. Utaratibu wa vidole ulipunguza udanganyifu, lakini uliwatesa waliolima na kufua kwa mikono maisha yao yote, kwani vidole vilivyosuguka havisomeki kwa urahisi kwenye mashine. Aidha, mahali ambapo wakala yuko mbali, nauli ya bodaboda ya kwenda na kurudi ilimega sehemu ya zile Sh4,000, na mtandao ukiwa chini siku hiyo, safari ilirudiwa.

Mwaka 2024 serikali ilianza kuyahamishia malipo kwenye simu. Mabadiliko haya yana manufaa ya wazi. Mzee aliye na simu na laini iliyosajiliwa kwa jina lake hapotezi siku nzima kwenye foleni. Tangu M-Pesa ianzishwe mwaka 2007, karibu kila soko dogo nchini limepata wakala.

Lakini tuulize maswali ya upande wa pili. Ni wazee wangapi wanaotumia laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mtoto au mjukuu? Ni wangapi wasioweza kusoma ujumbe, na hivyo humpa mtu mwingine nambari yao ya siri? Kwa benki, mlezi aliyeandikishwa kumchukulia mzee pesa alijulikana kwa jina. Kwa simu, mwenye kujua nambari ya siri ndiye mwenye pesa. Hatari hizi si sababu ya kurudi kwenye foleni za zamani. Zinadai tu kwamba njia ya zamani isifungwe kabla ya njia mpya kumfikia kila mtu, na kwamba asiyeweza kutumia simu awe na mlango mwingine uliowekwa rasmi.

Kuhusu malipo yanayochelewa, wahenga walikwisha kusema kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Kumekuwa na nyakati ambapo miezi kadhaa ilipita bila senti, kisha malimbikizo yakalipwa kwa pamoja. Kwenye vitabu vya Hazina ya Kitaifa, pesa zililipwa zote. Kwa mzee aliyekopa unga dukani na kuuza kuku wake wa mwisho akingoja, hasara haikurejeshwa na malimbikizo hayo.

Mabadiliko yanapokutana

Kosa jingine ni kuitathmini kila sera kivyake. Mzee ni mmoja, na sera zote humkuta nyumbani kwake.

Oktoba 1, 2024, hazina ya zamani ya bima ya afya, NHIF, iliondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na SHIF inayosimamiwa na SHA. Tangu katikati ya mwongo uliopita, baadhi ya wazee na watu wenye ulemavu mkubwa waliokuwa katika mipango ya malipo walikuwa wakigharimiwa bima na serikali. Katika utaratibu mpya, familia zisizo na ajira rasmi huulizwa maswali kuhusu nyumba wanamoishi, maji, choo na mali nyingine, kisha mtambo hukadiria mchango wao. Kiwango cha chini ni Sh300 kwa mwezi, na mchango ulitakiwa ulipwe wa mwaka mzima kwa mkupuo.

Sh300 mara 12 ni Sh3,600. Linganisha na Sh4,000 anazopokea mzee kwa miezi miwili. Akilipa bima hiyo mwenyewe, karibu malipo mazima ya duru moja kati ya sita za mwaka yamekwenda. Tena nyumba ya mawe aliyojengewa na mwanawe miaka 20 iliyopita huenda ikamfanya aonekane tajiri mbele ya mtambo, ingawa mwana huyo amefariki na jiko halina moto.

Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023 inaitaka serikali iwalipie wasiojiweza, na mwaka 2025 ulitangazwa mpango wa kuwagharimia watu milioni 2.2. Mizani ya mpango huo itakuwa ni iwapo orodha yake na ile ya Inua Jamii zinazungumza. Mzee ambaye serikali imekwisha kumtambua kuwa mhitaji katika ofisi moja hapaswi kuthibitisha uhitaji wake upya katika ofisi ya pili.

Maswali matano ya kupima

Kutokana na hayo yote, msomaji anayesikia badiliko jipya likitangazwa anaweza kulipima kwa maswali matano. Nani anaingia na nani anatoka? Usajili unafunguliwa lini, na anayetimiza umri kesho ataingiaje? Kiwango kitalindwa vipi dhidi ya kupanda kwa bei? Pesa zitamfikiaje mtu asiye na simu, asiyeona au asiyeweza kutembea? Na akiachwa nje kimakosa, atalalamika wapi na kujibiwa baada ya siku ngapi?

Swali la mwisho hupuuzwa kuliko yote. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya hatua za kiutawala zilizo za haki na za haraka, na anayeathiriwa vibaya na uamuzi ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya mwaka 2015 imefafanua haki hiyo. Maana yake ni kwamba mzee ambaye jina lake limeondolewa hapaswi kujibiwa kwa mdomo tu kuwa "mashine imekataa". Anaweza kudai sababu.

Kwa familia zenye wazee, yapo mambo ya kufanya mapema. Hakikisheni mwaka wa kuzaliwa ulioandikwa kwenye kitambulisho ni sahihi, kwani wazee wengi walikadiriwa umri walipochukua kipande na kosa la miaka mitano ni miaka mitano ya malipo. Laini ya simu isajiliwe kwa jina la mzee mwenyewe. Usajili unapotangazwa, aende kwa chifu au naibu wake na kuomba kuthibitishiwa kwamba jina limeandikwa. Kukiwa na tatizo, malalamishi yapelekwe kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo, na nakala ya barua ibaki nyumbani. Ofisi hiyo ikinyamaza, ipo Tume ya Haki ya Utawala inayopokea malalamishi ya umma dhidi ya taasisi za serikali.

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu takriban Wakenya milioni 2.7 waliofikisha miaka 60 na zaidi. Idadi hiyo itaongezeka, na wengi wa watakaoongezeka ni wale ambao leo wako vibandani, mashambani na kwenye bodaboda bila pensheni yoyote. Kwa hivyo mjadala wa pesa za wakongwe hauwahusu wakongwe wa leo peke yao. Kijana anayemcheka ajuza kwenye foleni ya wakala anaitazama foleni atakayopanga yeye mwenyewe, na ni heri aanze kuuliza sasa kama mlango wake utakuwa wazi atakapoifikia.